Simu za Mtaa Mzima

Dada yangu yu mzima, nami nalitanguliza hilo mapema kwa sababu sipendi msimulizi anayemchezea msomaji kwa roho za watu. Alipasuliwa moyo huko Maskati, akashonwa, na sasa anatembea mwenyewe mpaka dukani na kurudi huku akililalamikia joto. Ninachotaka kusimulia ni siku zilizotangulia upasuaji huo, alipokuwa akitafuta radhi ya mama ilhali mama hamtambui tena. Lakini siwezi kumweleza mama bila kuieleza simu, maana mtaani kwetu hukuweza kumtaja mmoja ukamwacha mwenzake.

Nyumba yetu iko Malindi, katika vichochoro vya mji wa kale, ambako ukuta wa jirani ndio ukuta wako. Baba alikuwa karani wa forodha, na kazi hiyo ndiyo iliyotuletea simu wakati ambapo mtaa mzima haukuwa na nyingine. Ilikuwa nyeusi, nzito, ya kuzungusha namba kwa kidole. Iliwekwa sebuleni juu ya meza yake peke yake, mama akaifumia kitambaa cheupe, na baba akaitia kufuli dogo pale pa kuzungushia ili sisi watoto tusiichezee. Kwa hiyo kupiga hatukuweza. Kupokea tuliweza, na kupokea ndiko kukawa kazi ya mama.

Kila mwenye mtoto Mombasa, Jeddah au Maskati alimpa mwanawe namba yetu bila hata kutuuliza, na mama hakuona ubaya. Simu ikilia, mpigaji alisema anamtaka mama fulani wa nyumba fulani. Aliye karibu alingoja, aliye mbali alikata na kuahidi kupiga tena baada ya muda. Hapo mama alijitia buibui, hata kama chungu kiko motoni, akaenda mwenyewe kumwita mwenye simu. Hakututuma sisi. Alisema mtoto huyavunja maneno njiani. Sisi tulibaki kuchunga chungu, na kwa jinsi tulivyokuwa wachungaji wabaya, siku nyingi tulikula ukoko.

Mwenye simu akija hakuirukia. Alipiga hodi, akakaribishwa, akaketi kwenye kiti cha kando ya meza, akautengeneza mtandio wake, ndipo akaushika mkono wa simu. Zikaanza salamu. Watu wa pwani tunasalimiana, na sisi wa mji wa kale ndio tumezidi: hujambo, u hali gani, wa huko hawajambo, wa huku wanakusalimu, mgonjwa je, aliyejifungua je. Ndugu zetu wa bara hutucheka kwa hilo, na nadhani wana haki. Jirani yetu mmoja, mpika mahamri, alipigiwa na mwanawe aliyekuwa Jeddah. Mama mtu akaulizwa hali ya kila jamaa wa ukoo, naye akauliza hali ya kila rafiki wa mwanawe, mpaka simu ikakatika. Akauweka mkono wa simu taratibu, akamgeukia mama, akasema, "Hajambo." Kumbe kijana alipiga kumwambia kwamba ameoa. Habari hiyo ilimfikia kwa barua, na kwa muda mrefu hakutaka kuamini kwamba mwanawe alikuwa na mke siku ile alipokuwa akimuulizia hali ya viatu vyake.

Ndiyo maana wengi, hasa wenye habari nzito, waliona heri kumwachia mama maneno. Akienda kumwita mtu asimpate, alirudi akasema kwenye simu, "Hayupo, nipe maneno yako nimfikishie." Alisikiliza mpaka mwisho, akayarudia ili mpigaji ahakikishe, kisha akayabeba. Aliyafikisha yalivyo. Kama mtu alinyamaza katikati, mama alikieleza kile kimya. Kama alilia, alisema, "Hapa alilia kidogo, kisha akaendelea." Na ilikuwa mwiko kwake kutia neno lake mwenyewe katika maneno ya mwingine. Maneno hayo aliyaita amana, na mpaka yamfikie mwenyewe, mama hakula. Baba alimtania kwamba akifa ataulizwa kaburini kama simu zote zimefika.

Nadhani hapo ndipo nilipoipata kazi yangu. Nilipomaliza shule nilijifunza kupiga taipu, nikaajiriwa katika ofisi moja Kilifi, na kwa kuwa nilikuwa na sauti tulivu nikakalishwa mbele ya ubao wa simu. Vijana hawaujui ubao huo. Ulikuwa na matundu mengi na nyaya zenye ncha za shaba, na mimi ndiye niliyechomeka waya huu hapa na ule pale ili bwana mkubwa wa Kilifi azungumze na bwana mkubwa wa Mombasa. Aliyenifundisha alinipa sharti moja tu: ukishawaunganisha watu, toka. Sharti hilo nililishika, ingawa sidai kwamba halikuniwasha masikio.

Simu zikipungua nilikuwa napiga stensili, ile karatasi ya nta ya kurudufia. Stensili ilitaka kidole chenye ghadhabu, maana herufi isipotoboa haitoki, na ukikosea ulipaka maji mekundu yenye harufu kama ya rangi ya kucha, ukapuliza, ukangoja yakauke. Kisha ulikwenda kwenye mashine ya kurudufu, ukazungusha mkono wake mpaka ukarudi mezani una wino hadi kwenye viwiko. Faksi ilipoletwa tulisimama wote kuitazama ikitema karatasi, tukawa na hakika kwamba dunia imefika mwisho wa maarifa yake. Bwana mkubwa akazifungia zile karatasi za faksi katika mtoto wa meza kama kitu cha thamani. Alipokuja kuzitafuta zilikuwa nyeupe, maandishi yamefifia yote, naye akatushuku sisi wanawake wa taipu. Wajukuu huniuliza kama tuliteseka na vyombo vile. Hatukuteseka. Waliotutesa walikuwa mabwana wakubwa, na hao wapo mpaka leo.

Kulikuwa na televisheni pia. Baba alikuwa mtu wa kufuli, kwa hiyo televisheni yetu nayo ilikaa ndani ya kabati la mbao lenye milango na ufunguo. Jioni alifungua, majirani wakaingia na kuketi mikekani, na kijana mmoja akapanda juu ya dari kugeuza eriali huku sisi tukimpigia kelele kwamba hapo hapo, rudi kidogo, umepita. Chenga zikitulia tulitazama mieleka, tukatazama vichekesho vya Kiswahili ambavyo wiki nzima iliyofuata watu walisalimiana kwa maneno yake. Ila jambo ninalolikumbuka kuliko yote ni taarifa ya habari. Msomaji habari alipotokea, mama na wenzake wote walijifunika vichwa. Alikuwa mwanamume wa kando anayewatazama usoni, na wao hawakuona sababu ya kukaa vichwa wazi mbele yake. Akisema hamjambo, walimjibu hatujambo. Baba alicheka, akawaeleza kwamba mtu yule yuko Nairobi na haoni hata mmoja wao. Mama akajibu kwamba huenda haoni, lakini yeye anamwona akimtazama, na hilo lilimtosha kuvuta mtandio.

Miaka imekwenda. Baba alitangulia. Nyaya za simu zilikatwa kwenye nguzo, hakuna aliyekuja kuziunga, na hatukumtafuta mtu kwa kuwa kila mmoja alikuwa na simu mkononi. Ile nyeusi ilibaki mezani chini ya kitambaa chake kwa sababu mama hakutaka iondolewe. Mimi nilistaafu, nina nyumba yangu Muyeye, na kila asubuhi napanda tuktuk kuja kwa mama, maana kumbukumbu zinamtoka. Kwanza zilimtoka habari za jana, tukazifanyia mzaha. Kisha likamtoka jina la dada, na mwisho likamtoka langu. Ananiita binti. Nikimletea uji hunishukuru kwa adabu sana, na siku moja aliniuliza kama mamangu hatanikasirikia kwa kushinda kwenye nyumba za watu. Inauma, na sina neno zuri la kuupamba uchungu huo.

Ndipo dada akapiga kutoka Maskati kunieleza kwamba madaktari wameamua kumpasua moyo. Kisu hakikumtisha sana. Kilichomnyima usingizi ni kwamba anakwenda kulala kwenye kitanda kile bila radhi ya mama. Kwetu mtu hafungi safari yenye hatari ikiwa mama yake yu hai na hajamtamkia kwa mdomo wake kwamba yu radhi naye. Dada alisema atakubali yote Mungu atakayompangia, ila anataka kulisikia neno hilo kutoka kwa mama mwenyewe, na mimi ndiye wa kumtafutia. Nikaahidi haraka, kabla sijafikiri nitafanyaje.

Tulijaribu kwa kuonana kwenye simu yangu, kama wafanyavyo watu wote siku hizi. Nilimkalisha mama, nikamwekea kioo mbele. Dada akatokea, amevaa mtandio wa kijani, amekonda. Mama alipomwona akavuta kanga yake kichwani. Dada akasema hujambo mama, mama akajibu hatujambo, kisha akatulia, mikono mapajani, akingoja kipindi kiendelee. Dada akaanza kumweleza habari ya moyo wake. Alipofika kwenye radhi akashindwa, akalia, na mama akaniinamia akaninong'oneza, "Huyu binti anajua kuigiza. Analia kama kweli."

Niliifunga simu. Nilikasirika, na kwa kuwa hakukuwa na mtu wa kumkasirikia niliikasirikia ile simu. Kesho yake nikamwekea sikioni bila picha. Akaigeuzageuza, akatafuta pa kusikilizia na pa kusemea, asipaone, akanirudishia na kuniambia nikimwazima kioo tena nikifute kwanza, kina alama za vidole. Dada akawa ananiuliza kila tukizungumza kama kuna lolote, nami nikawa namjibu kwamba bado, subiri. Siku yake ya kulazwa ilikuwa inakaribia.

Nilikuwa kwa fundi cherehani nikingoja nguo yangu pale simu ya zamani ilipolia. Nilinyanyuka. Nilinyanyuka kabisa, mkono umenyooka, natafuta mezani kwa fundi. Mama mmoja aliyekuwa nyuma yangu akaitoa simu mkobani mwake, moja ya hizi za kioo, na kumbe ameiwekea mlio ule wa kengele. Watu wakacheka nami nikacheka nao, lakini nilimwomba anionyeshe alivyouweka. Ikiwa mwili wangu mimi uliruka kwa mlio ule, basi mwili wa mama, aliyeuitikia miaka yote ile, ungefanyaje?

Asubuhi iliyofuata nilipatana na dada saa ya kupiga. Niliifuta simu nyeusi vumbi, nikaiweka yangu, niliyokwisha kuitia mlio ule wa kengele, nyuma yake, nikaifunika kwa ncha ya kitambaa na kuifungulia sauti yote. Mama alikuwa ameketi kwenye kochi akichambua mchicha niliompa ili ashughulike. Mimi nikakaa chini, mkono wangu mmoja nyuma ya meza.

Kengele ikalia. Mama akaweka mchicha kando, akainuka bila kushikwa, akajifuta mikono, akautengeneza mtandio. Alikwenda kwenye ile meza kwa haraka ambayo sikuiona kwake kwa muda mrefu. Aliponyanyua mkono wa simu nami nikabonyeza pale nyuma.

"Halo," akasema, kwa sauti yake ya simu ambayo nilikuwa nimeisahau, ya juu kidogo na ya kiungwana. "Nani mwenzangu?"

Dada alimpa shikamoo. Mama akaitikia, na salamu zikaanza, zote, hakuna iliyorukwa. Akauliza hali yake, hali ya watoto, hali ya watu wa huko, kama kuna joto, kama mvua imenyesha. Hakuna hata mara moja aliyopotea. Dada alikuwa akijibu na sauti inamtetemeka kwa furaha, nami kule chini nikawa nashukuru Mungu, nikidhani kazi imekwisha. Kisha dada akasema, "Nataka kuzungumza na mama."

"Mamako ni nani, mwanangu?"

Nilitaka kuinuka niseme kitu, nikajizuia.

"Ni mama wa nyumba hiyo hiyo," akasema dada. "Nyumba yenye simu."

Mama akafikiri kidogo. "Haya. Usikate, nakwenda kukwitia."

Akaulaza mkono wa simu juu ya kitambaa, kando ya simu, kama alivyokuwa akifanya siku zote. Akachukua buibui lake msumarini, akalivaa, akatoka. Nikanong'ona kwenye simu kwamba dada angoje, nikamfuata. Mama alisimama barazani, akatazama kichochoro upande wa juu, akatazama upande wa chini. Akavuka mpaka mlango wa yule mpika mahamri, ambao siku hizi ni wa wapangaji wanaoshinda kazini, akapiga hodi. Akapiga tena. Mlango haukujibu, naye akasimama pale akingoja, buibui limemvuka bega. Mwisho akageuka mwenyewe, akanipita kama mtu mwenye shughuli, akarudi ndani, akaketi na kupumua.

"Mamako sikumpata, mwanangu," akasema kwenye simu. "Siku hizi haonekani. Nipe maneno yako nimfikishie."

Dada akampa. Alisema kwa utulivu kuliko nilivyotarajia, kama aliyekubali kwamba ndivyo itakavyokuwa. "Mwambie mwanawe wa Maskati anapasuliwa moyo. Mwambie anaomba radhi yake kabla hajaingia."

Mama akayarudia, neno kwa neno, kuhakikisha. Mwanawe wa Maskati. Anapasuliwa moyo. Anaomba radhi kabla hajaingia. Ndivyo, akasema dada. Kwa desturi yake mama alipaswa kuaga hapo, kwa kuwa maneno ameshayapokea na la zaidi si lake. Hakuaga. Aliushikilia mkono wa simu kwa mikono miwili.

"Nitamfikishia," akasema. "Lakini usingoje mpaka nimwone. Na mimi ni mama, nina binti yangu yuko mbali kama wewe. Mungu akuwie radhi, mwanangu, na mimi niko radhi nawe, duniani na akhera. Nenda."

Dada alilia. Mama akamwambia asilie, simu itakatika. Mimi nilikumbuka sharti la kutoka, lakini kutoka nisingeweza, nikabaki pale chini nikilia kwa sauti ndogo ili nisiharibu mazungumzo ya watu.

Baadaye dada aliniuliza kama radhi hiyo imemfikia, ikiwa aliyeitoa hakujua anampa nani. Nilimwambia mimi si sheikh. Nilimwambia pia kwamba mama hakuwahi kutia neno lake katika maneno ya watu, na kwamba leo ametia. Akasema basi anakwenda kupanga nguo za hospitali, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyetua mzigo.

Kwa mama mambo hayakuwa yamekwisha. Nilimwandalia chakula cha mchana, hakukigusa. Nikadhani anaumwa. Akaniuliza kama nimemwona mamake yule binti. Nikamwambia ale kwanza. Akatikisa kichwa, akarudi kuuangalia mlango, na kila unyayo uliopita kichochoroni ulimnyanyua. Alasiri ilipoingia chakula kilikuwa kimepoa na yeye bado ameketi na buibui lake, midomo ikimchezacheza, akiyarudia yale maneno yasimpotee.

Nikavaa viatu. Nikatoka, nikasimama barazani peke yangu kwa muda, kisha nikarudi nikaketi mbele yake.

"Nimemwona," nikasema.

"Umempa maneno yote?"

"Yote."

"Alilia?"

"Alilia."

"Akasemaje?"

"Amesema mwanawe ana radhi yake tangu siku aliyomzaa."

Mama alinitazama kwa makini, kama anayepima kama nimeyavunja njiani. Kisha akalivua buibui, akanipa nilitundike.

"Basi ana mama mwema," akasema, akavuta sahani yake, akaanza kula.